Siku Nilipoazima Sauti ya Susu

Daktari wa koo alinikataza kusema neno lolote, hata kwa kunong'ona, nami nikaona mahali pekee pa kutii amri kama hiyo ni nyumbani, Mitaboni. Nairobi ningeteleza tu. Ningemjibu kondakta, ningemuuliza mama mboga bei ya sukuma. Huku nimewekwa katika chumba kile kile cha dirisha la mbao, kitanda kile kile kimesukumwa ukutani, na tangu nifike nalala chali nikitazama mabati kama nilivyoyatazama nikiwa mtoto.

Wewe unaijua kazi yangu, rafiki yangu. Ile tamthilia ya kigeni ya jioni, yenye mama mkwe mkorofi anayefoka kwa Kiswahili safi, mdomo ni wa mwanamke wa ng'ambo lakini sauti ni yangu. Hata katika michezo ya video nimo. Mimi ndiye yule askari wa kike anayepiga mayowe akianguka. Lakini kazi hiyo sikuianzia studio. Niliianzia hapa kitandani, mwaka niliovunjika paja.

Nilikuwa nimepanda mkokoteni wa punda tukitoka mtoni kuteka maji. Gurudumu likaingia kwenye mtaro, mitungi ikabingirika, nami chini yake. Hospitalini Machakos walinifunga plasta kuanzia kiunoni hadi vidole vya mguu, wakanirudisha kwa nyanya yangu, yaani susu, kama tunavyosema sisi Wakamba. Mama alikuwa kazini mbali. Kwa hiyo tulikuwa wawili, susu na mimi, na ile plasta.

Siwezi kukueleza plasta ilivyo wakati wa jua la Mitaboni. Chini yake ngozi inawasha, na mahali panapowasha huwezi kupafikia. Susu alinichongea kijiti cha bua la mtama nikawa nakiingiza kwa juu, lakini kilifika nusu ya njia tu. Kila asubuhi alinifuta kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, akanigeuza kidogo, akafungua dirisha, kisha akaenda zake shambani. Mimi nilibaki na kipande cha anga, ncha ya mti wa mgrivelea na kona ya mlango wa jikoni. Wenzangu walipita barabarani wakienda shule, nikawasikia wakicheka, wakapotea. Mwanzoni nililia kila wakipita. Baadaye machozi yalichoka yenyewe.

Masikio ndiyo yaliyonitoa nje. Nilijua susu anatwanga mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa, kwa jinsi mchi ulivyopiga kinu, kavu na kwa pupa, na nilijua zamu ya mtama kwa sababu mchi ulitulia. Nilimjua mfanyabiashara Msomali aliyenunua mbuzi kwa kikohozi chake langoni, kabla hajasema, "Mama, iko mbuzi leo?" Nilimjua mwalimu wetu, aliyepita jioni akijisomea kwa sauti barua za wanawe. Na kuliko wote nilimjua jirani yetu, aliyekaa ng'ambo ya bonde. Siku hizo watu waliitana kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Susu angesimama kwenye ukingo wa tuta, aweke mikono kiunoni, aite, "Mutui weeee!" yaani jirani yangu wee, sauti ikianzia tumboni, ipande, kisha ivunjike kidogo mwishoni. Jirani naye aliitikia kabla mwangwi haujaisha. Waliulizana chumvi, mbegu, ng'ombe aliyepotea, na kila mtu bondeni alijua habari zao.

Nikiwa peke yangu nilianza kuwarudia. Nilimkohoa Msomali. Nilimsoma mwalimu. Susu akirudi nilimfanyia wote, naye angecheka mpaka akae chini, ajifute macho kwa leso. "We mtoto, umewameza watu wangapi?" aliniuliza. Ila yeye mwenyewe sikuwahi kumwigiza mbele yake. Sauti yake niliifanyia mazoezi polepole, chini ya blanketi.

Susu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Siku hiyo aliamka mapema kupalilia, akanywa dawa yake bila kula kitu, na jua lilipokuwa kali nikamsikia akirudi, miguu ikiburuta. Kisha sufuria ikaanguka. Nikainua shingo. Kwenye kona ya mlango wa jikoni niliona nyayo zake, kiatu kimoja cha akala kimetoka mguuni, na hazikusogea.

Nikamwita. Hakujibu. Nilijaribu kujivuta, plasta ikanirudisha godoroni kama mtu mzima aliyenishika. Nikapiga mayowe, "Nisaidieni! Susu ameanguka!" Nilipaza sauti mpaka kifua kikauma. Bondeni kulikuwa na watoto wakichunga mbuzi, nao wanapiga kelele mchana kutwa. Sauti yangu ilikuwa moja tu katika zao. Nilimsikia jirani akikata kuni, shoka halikusita hata mara moja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kelele za mtoto si habari kwa mtu yeyote. Nikanyamaza. Nikavuta pumzi mpaka plasta ikanibana tumbo, nikaitoa sauti ya susu, kutoka tumboni, ikapanda, ikavunjika mwishoni. "Mutui weeee! Njoo mbio!"

Shoka likasimama.

"Naja!" jirani akaitikia. Nikaita tena, nikaita tena, mpaka nikamsikia akihema langoni, akigomba, "Kwani ni nini hiyo haiwezi kungoja?" Halafu akapiga ukemi. Alimwinua susu kichwa, akamnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko. Wanaume wakaja na pikipiki, wakamweka katikati yao, wakampeleka hospitali.

Susu alirudi akiwa mdhaifu lakini mzima. Jirani alikuwa amelisimulia jambo hilo soko zima. Susu hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, akanishika mkono.

"Nilikusikia," akasema. "Nimelala pale chini siwezi hata kufumbua macho, nasikia mimi mwenyewe naita huko nje. Nikasema, basi nimekwisha, roho imeshatoka."

"Sikujua la kufanya, susu."

"Ulifanya vizuri, mwanangu. Lakini usiifanye tena hiyo yangu. Wengine wote chukua. Hiyo niachie."

Nikaahidi. Plasta ilipokatwa mguu ulikuwa mwembamba, wenye magamba, kama wa mtu mwingine, na nilijifunza upya kutembea nikimshika bega.

Mwalimu aliyesikia kisa hicho ndiye aliyenipeleka kwenye maigizo ya shule, na maigizo yakanipeleka studio. Chumba cha kurekodia ni kidogo kuliko hiki, hakina dirisha, kuta zimepigwa sponji. Mwezi wa kwanza waliniosha Ukamba mdomoni, maana kila "r" yangu ilitaka kuwa "l". Miaka ikaenda nikisema maneno ya watu wengine, kwa pumzi za watu wengine, nisiruhusiwe kumaliza sentensi baada ya mdomo ulio kwenye skrini kufumba. Halafu yakaja magemu. "Ufe tena," mwelekezi angeniambia kwenye spika za masikio. "Sasa ufe ukichomeka." Nilikufa asubuhi hadi jioni, mpaka siku moja nilipofungua mdomo ukatoka upepo mtupu.

Susu alikuwa ameshafariki. Hakuna aliyewahi kurekodi sauti yake.

Juzi mkaza mwana wa jirani alinialika kwao. Jirani mwenyewe sasa ni mzee sana, hatoki kitini. Alinishika mikono, akanihadithia ile siku ya shoka kana kwamba sikuwepo. Kisha tamthilia ikaanza. Mama mkwe akatokea na nywele zake zile zile, akafungua mdomo, na ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke mwingine. Msichana mdogo, anajitahidi. Nilitazama nyuso zao. Hakuna aliyegutuka. Jirani aliendelea kumtukana mama mkwe yule yule.

Daktari anasema sauti itarudi, ya chini zaidi, ya kuongea tu. Ya kufa tena, hapana. Nami natii, nakaa kwenye tuta nikisikiliza bonde, na bonde halisemi kitu. Mashamba yako pale pale, nyumba zimeongezeka, lakini mtu akitaka chumvi hasimami ukingoni tena.

Jana mchana mkaza mwana yule alitoka nje ng'ambo kule, akasimama, akaniangalia moja kwa moja. Nikakaa sawa, nikingoja aite. Akainamisha kichwa juu ya simu, na yangu ikatetemeka mfukoni: anauliza kama nimekula. Nikamwandikia kwamba nimekula.