Siku Wanachama Wote Walipoitwa Herminio

Ukimwona Ña Zunilda Recalde, yaani Bi Zunilda, akikata mitaa ya mji wetu wa Villarrica asubuhi, jagi la maji ya barafu kwapani na kifurushi cha majani ya terere, kinywaji chetu baridi cha kuvuta kwa mrija, mkononi, utasema ni mama wa watu anakwenda kumwangalia mgonjwa. Hutadhani kabisa kwamba kuna wanaume wazima huko Guayaquil na Tegucigalpa wanaosita kubonyeza kitufe kwa kumwogopa yeye.

Kazi yake ni kutunza kanzidata ya ushirika wetu wa maziwa. Kila mfugaji, kila ng'ombe aliyesajiliwa, kila lita iliyopokelewa, vyote vimo mle ndani ya kompyuta, na mwenye funguo ni yeye. Mimi, Nidia, nakaa meza ya pili nikichapa risiti, mgongo wangu ukielekeana na wake. Kwa hiyo ninayoyasimulia mengine nimeyaona kwa macho na mengine nimeyasikia kwa kisogo.

Sasa, kazi ya ushirika peke yake haimtoshi. Akipata nafasi huingia kwenye jukwaa moja la mtandaoni wanakokutana watu wa kanzidata kuanzia Mexico hadi Chile. Waliokwama huuliza, wanaojua hujibu, na hakuna anayelipwa chochote. Huko hakuna anayemjua kwa jina la Zunilda. Anaitwa Nyigu. Jina alijichagulia mwenyewe, na wala hakukosea.

Kijana mmoja aliwahi kuandika: haifanyi kazi, nisaidieni haraka. Basi, ndiyo hayo tu. Hakusema ni nini hakifanyi kazi wala yeye alikuwa amefanya nini. Nyigu akamjibu kwamba hata gari la mume wake haliendi, je, amtajie rangi yake ili amsaidie? Mwingine alilalamika kwamba swali aliloipa kompyuta tangu asubuhi halijaleta jibu. Nyigu akalisoma, akamwambia kwamba alichoagiza ni kila mteja akaipe mkono kila bidhaa dukani, mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo aende tu akale chakula cha mchana, na ikibidi cha jioni pia. Nilicheka mpaka nikamchapia mtu mmoja risiti mbili.

Lakini haki yake nimpe: hajawahi kumchoma mtu akamwacha hapo hapo. Akishamaliza kumsema, hukaa naye, humwuliza hili na lile, humwonyesha pa kushika, mpaka mambo yake yanyooke. Aliponieleza sababu, alisema kwamba enzi anaanza kazi hapakuwa na mtu wa kumwuliza mjini kwetu. Aliyemfundisha ni bwana mmoja wa Cali, Colombia, kwa maandishi tu, kwa uvumilivu wa ajabu, na sura yake hajaiona hadi leo. Ndiyo maana akikuta swali la mtu halina jibu hawezi kulala vizuri.

Kosa moja tu hakuwa akilisamehe. Ukiiamuru kompyuta ibadilishe kitu kwenye jedwali, lazima uiwekee sharti: badilisha kwa fulani, basi. Ukisahau sharti, itabadilisha kwa watu wote waliomo, bila kukuuliza, kwa utiifu wa kukera. Mhandisi mmoja wa Arequipa alipofanya hivyo, Nyigu alimwandikia mbele ya jukwaa zima kwamba mtu wa namna hiyo apewe kikokotoo cha betri, na kabla hajakabidhiwa betri itolewe. Watu walilinukuu jibu lile kwa muda mrefu.

Basi Alhamisi moja, mkutano mkuu wa wanachama ukiwa umepangwa Jumamosi, akaingia Don Herminio Fretes, mzee mfugaji wa huko pembeni mwa mji. Alikuja kulalamika tena. Siku ya kumsajili, karani wa zamani alimwandika kwa jina la kaka yake, Anacleto, na tangu hapo kila risiti ya maziwa inamwita Anacleto. Na huyo kaka yake hawasemezani tangu ugomvi wa fahali. Mzee akasema hataki kupiga kura kwa jina la yule mtu, afadhali abaki nyumbani.

Ña Zunilda akamwambia akae kidogo, atamrekebishia sasa hivi. Mkono mmoja ulikuwa na kikombe cha terere, na kwenye kona ya skrini jukwaa lilikuwa wazi, mtu wa Salto akisubiri kusemwa. Nikamsikia anagonga herufi, anavuta terere, anacheka kidogo, anagonga tena. Kisha kikombe kikatua mezani kwa kishindo.

Niligeuka. Uso wake ulikuwa umepauka. Alikuwa ameandika jina libadilishwe liwe Herminio, na hakuweka sharti.

Majina ya ukoo yalibaki, ahsante Mungu, lakini ya kwanza yalikwenda yote. Mashine yangu ikaanza kutoa Herminio Aquino, Herminio Villalba, Herminio Benítez. Yule Benítez ni Ña Blásida, mama mmoja mwenye kifua na sauti, naye aliirudisha risiti dirishani akaigonga kwa kidole.

"Nidia, nimezaa watoto sita kwa tumbo langu hili. Huyu Herminio ni nani?"

Nikamwambia ni hitilafu ndogo. Nyuma yake Don Herminio mwenyewe alipokea risiti yake, akaisoma kwa utulivu, akaikunja, akatuaga kwa heshima zote. Katika wanachama wote, ni yeye tu aliyeondoka ameridhika.

Haikupita muda meneja wetu, Don Wilfrido Ocampos, akatoka ofisini na karatasi mkononi. Naye ana ng'ombe wake wachache, ni mwanachama, na karatasi ilimwita Herminio Ocampos. Don Wilfrido si mtu mbaya, ila alikuja kwetu na imani kwamba kilichotoka Asunción, mji mkuu, ndicho kizuri. Kulikuwa na kampuni moja ya huko iliyotaka kuichukua kanzidata yetu na kuitunza kutoka mbali, na mkataba wao ulikuwa umelala mezani kwake ukisubiri sababu. Sasa sababu ameipata, tena ina jina lake la ukoo.

"Ña Zunilda," alisema, "Jumamosi watu wanapiga kura kwa majina yao. Majina yasiporudi leo kabla ya saa tisa mchana, natia saini na watu wa Asunción, na wewe utapumzika. Mashine hizi zimekuchosha."

Alidhani ni mashine. Ña Zunilda akasema anashughulikia, sauti ndogo ambayo sikuizoea. Meneja akarudi ndani, akafunga mlango.

Nilisogeza kiti nikakaa karibu naye. Nikamkumbusha kwamba anayo nakala ya akiba ya jana usiku, yeye mwenyewe huiangalia kila asubuhi kabla hata ya kuvua koti. Akasema anayo. Nikamwambia basi airudishe, tumalize.

"Nikiirudisha, maziwa yote yaliyopokelewa leo yanafutika."

"Sasa tunafanyaje, Ña Zuni?"

"Sijui."

Neno hilo nilikuwa sijawahi kulisikia kinywani mwake. Mikono ameiweka mapajani kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu, machozi yanamlengalenga. Nilishikwa na hofu ya kweli, na hasira juu yake. Mamia ya watu amewatoa kwenye mashimo ya namna hii, leo kaingia lake na kichwa kimekuwa cheupe. Nikamwambia aulize jukwaani kama wengine. Akaanza kuandika swali, akalifuta. Akaanza tena, akalifuta. Nyigu ataulizaje swali hilo? Wale wa Arequipa wangemchapisha kwenye fulana.

Hapo ndipo swali jipya lilipochomoza juu ya ukurasa. Mwulizaji alijiita Fundi wa Mji Mkuu. Aliandika kwamba kuna mteja wanayemtarajia, ushirika wa maziwa huko mkoani, ambao leo majina ya kwanza ya wanachama wote yamegeuka kuwa Herminio. Nakala ya akiba ya jana ipo, ila maziwa ya leo yameshaingizwa na hayatakiwi kupotea. Meneja wao anasubiri jibu kwenye simu. Na mwishoni: Nyigu, kama upo, nakuomba sana.

Tulilisoma wote wawili, mashavu yetu karibu yagusane. Kumbe Don Wilfrido hakungoja hata hiyo saa tisa yake. Ameshawapigia, na mabingwa wake wa Asunción wamekuja kuomba kwa nani? Nikaanza kucheka kwa pua, nikajiziba mdomo.

Ña Zunilda hakucheka. Alinyoosha mgongo, akavuta kibodi.

"Mwone huyu. Hata hajasema majedwali yao yamekaaje," alisema, na vidole vikaanza kukimbia.

Maadamu lilikuwa swali la mtu mwingine, akili yote ilirudi. Akamwandikia Fundi kwamba asithubutu kuirudisha nakala juu ya kanzidata inayofanya kazi. Aifungue pembeni, mahali pake peke yake, kama anavyofungua sanduku la pili bila kugusa la kwanza. Achukue humo majina ya kwanza tu, ayalinganishe na namba za uanachama, kila jina lirudi kwa mwenyewe. Ajaribu kwanza kwa mtu mmoja, aone, ndipo aendelee. Maziwa ya leo asiyaguse. Kisha akafika kwa aliyefanya kosa. Nikaona anaandika: huyo apewe kikokotoo. Vidole vikasimama. Akaifuta sentensi, herufi kwa herufi, akaandika nyingine.

"Aliyefanya hivi msimfokee. Sasa hivi amejawa na hofu na hasikii mnachomwambia. Mpeni maji ya kunywa, mwacheni akae."

Akalituma. Mara mzee mmoja wa Tegucigalpa anayejiita Chura, mtani wake wa siku nyingi, akauliza chini yake: Nyigu, unaumwa? Mwingine akashauri wasimamizi wachunguze, huenda kuna mtu ameiba akaunti ya Nyigu.

Hakuwajibu. Alifungua dirisha la kanzidata yetu, akaliweka jibu lake kando, na akalifuata mstari kwa mstari, kidole juu ya skrini, kama mtu anayepika kwa maelekezo ya mgeni. Akamjaribu Ña Blásida kwanza. Blásida akarudi kuwa Blásida. Akawarudisha wengine wote. Bila shaka Don Herminio naye alirudi kuwa Anacleto, kwa sababu ndivyo alivyokuwa jana. Ikabidi amri ile ile iandikwe upya. Safari hii nilimsomea sharti kwa sauti, na yeye akanisomea mimi, na tulipobonyeza nilikuwa nimemshika kiwiko.

Saa tisa ilikuwa bado. Mlango wa meneja ukafunguliwa, Don Wilfrido akatoka na simu mkononi, uso unang'aa. Akatutangazia kwamba watu wa Asunción wamelipatia ufumbuzi, na wamemtumia maelezo, na Ña Zunilda ayafuate neno kwa neno bila kuongeza ujuzi wake. Kisha akaanza kuyasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali: msirudishe nakala juu ya kanzidata, ifungueni pembeni. Ña Zunilda alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya meza natafuta kalamu ambayo haikupotea.

"Mpeni maji ya kunywa, mwacheni akae," akamalizia, akakunja uso. "Hapa sielewi nani apewe maji."

Ña Zunilda akamwambia kwamba imeshakwisha. Akamwonyesha majina, na lake likiwemo: Wilfrido Ocampos. Meneja akainama, akatazama, akafurahi kwa dhati. Akasema hiyo ndiyo faida ya kuwa na wataalamu. Wale wa Asunción wamemwambia jibu limetoka kwa bingwa mmoja anaitwa Nyigu, na mtu kama huyo ndiye anayemtaka hapa. Jumatatu atatia saini, ili kanzidata iwe mikononi mwa Nyigu.

Nilimtazama Ña Zunilda. Angeweza kuligeuza jambo lile likawa ushindi mtupu. Mashine ndiyo iliyokuwa ikilaumiwa, na mimi nisingesema. Aliizungusha skrini ikamwelekea meneja, jukwaa liko wazi, jina la Nyigu juu na jibu chini yake.

"Huyo Nyigu yupo hapa tangu kabla hujahamia, Don Wilfrido. Ni mimi. Na aliyesahau sharti akawaita watu wote Herminio, ni mimi pia. Sasa amua, lakini amua ukijua yote mawili."

Don Wilfrido alisoma kwenye skrini, akasoma kwenye simu, akarudi kwenye skrini. Masikio yalimwiva. Nilidhani atafoka, na nilishaanza kutafuta maneno ya kumjibu. Badala yake alikwenda kwenye mtungi wa maji ulioko karibu na mlango wake, akajaza glasi, akaileta mwenyewe, akaiweka mbele ya Ña Zunilda.

"Kunywa kwanza," alisema. "Halafu uniandikie barua ya kuwakatalia wale wa Asunción. Naona kuwasema watu unajua kuliko mimi."

Ña Zunilda akanywa glasi yote, machozi yanamtoka na huku anacheka. Kisha akavuta kibodi, akaniomba nikae karibu nimsomee kila mstari kabla hajautuma.