Ndama wa Siku ya Mazishi

Tarehe kumi na nane mwezi wa nne, siku ya Alhamisi, kabla ya saa tano asubuhi, nilifiwa na mke wangu. Alianguka kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba yetu akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mawe yalikuwa yameloa. Wanawake waliokuwa wakitoka kuchota maji ndio waliomkuta. Tulimbeba kwa machela ya miti na blanketi kuelekea barabarani, akakata roho kabla hatujaifikia.

Hayo ndiyo niliyoyasema msibani, na yote ni kweli. Yaliyotangulia sikuyasema.

Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha na ng'ombe wetu alikuwa na mimba kubwa, siku yoyote angezaa. Sisi tunafugia bandani. Ng'ombe hatoki, majani ndiyo yanayomfuata. Tumepanda majani ya gwatemala kwenye kingo za matuta, juu kabisa, na kuyafikia ni kama kupanda ngazi. Mke wangu alisema goti lake limevimba, akaniomba niende mimi. Nilikuwa nimekaa jikoni karibu na moto nakunywa chai. Kazini nilikuwa naingia mchana, kwa hiyo nafasi nilikuwa nayo. Nikamwambia, "Goti halili chochote. Anayekula ni ng'ombe."

Alitoa mundu ukutani akatoka. Binti yetu, wakati ule ana miaka kumi na sita, alikuwa anapuliza moto.

Mke wangu alikuwa mtu wa tambarare, wa Magoma kule chini. Miaka ishirini alikaa huku milimani na bado alikuwa anashuka mteremko kwa kushikashika vichaka. Nilikuwa namcheka mbele za watu, na watu walicheka nami.

Kaka yake alifika kutoka Magoma tukiwa tunajiandaa kwa sala ya jeneza. Aliniuliza swali moja tu, kwa nini dada yake alitoka na mvua ile. Nikasema, "Alitaka mwenyewe, shemeji. Mimi nilimkataza." Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Aliniangalia, akaingia ndani.

Tulizika alasiri. Niliporudi na udongo mwekundu miguuni nilikwenda bandani, kwa sababu sikutaka kukaa na watu. Ng'ombe alikuwa amezaa. Wanawake walikuwa ndani na kilio, hakuna aliyesikia. Ndama dume, bado ana ute mwilini, alikuwa anajaribu kusimama na miguu inamteleza. Alisimama, akaanguka, akasimama. Nikakaa chini kwenye samadi nikamtazama mpaka giza likaingia.

Ninafanya kazi kwenye kitalu cha chai. Tunakata matawi machanga, kila kipande na jani lake moja, tunayachomeka kwenye viriba, vile vifuko vyenye udongo, tunayafunika kwa nailoni. Mkubwa wetu pale alikuwa mzee mmoja kutoka Sri Lanka, mtaalamu wa chai, tuliyemwita Fundi. Kiswahili alijifunzia mashambani, kwa hiyo kilikuwa cha kazi, hakina mapambo. Alivaa uzi mweupe kifundoni mwa mkono. Siku za mwezi mpevu hakula chochote baada ya adhuhuri, nasi tukasema huyu naye anafunga, ila anafunga kinyume. Dini yake ni ya Buddha. Alisema kwao mtu akifa huzaliwa tena, mtu au mnyama, kufuatana na matendo yake. Mwenzetu mmoja mwenye mdomo alimuuliza kama wale utitiri tuliowapulizia dawa jana yake walikuwa shangazi za watu. Fundi hakukasirika. Alisema, "Inawezekana. Wananingoja mbele." Tulicheka sana siku hiyo. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Niliporudi kazini baada ya msiba sikucheka. Nilimsogelea wakati anakagua viriba, nikamuuliza ni nini hasa kinachozaliwa tena. Alichukua kipande cha tawi kutoka kwenye ndoo, akanionyesha mti mama uliokatwa, kisha akanionyesha kile kipande.

"Huu ni mti ule?" akauliza.

Nikasema hapana.

"Ni mti mwingine?"

Nikafikiri, nikasema hapana tena, kwa sababu majani ni yale yale na chai itakuwa ile ile.

"Basi," akasema, akakichomeka kwenye udongo, akaendelea na kazi.

Ningeweza kumuuliza zaidi. Sikumuuliza, kwa kuwa tayari nilikuwa nimepata nilichokuwa nakitaka. Kwetu Waislamu mtu hufa mara moja akafufuliwa mara moja, na hilo nalijua tangu chuo cha Kurani. Lakini nilikuwa nimezika mke alasiri na kukuta ndama alasiri hiyo hiyo. Sikumwambia mwalimu wa madrasa. Nilianza tu kwenda bandani.

Nilimpa ndama yule pumba na chumvi kwa mkono wangu. Nilimsugua mgongo kwa gunzi. Nilipanda mteremko kila siku, mvua au jua, na kumkatia majani machanga kabisa. Kila siku nilimwinamia sikioni nikasema, "Nisamehe." Ndama alilamba chumvi. Kama alichelewa kulamba, nilifikiri bado ana kinyongo. Mama yake, yule ng'ombe, niliendelea kumpiga fimbo akikanyaga ndoo. Hilo nalo ni kweli.

Sasa naweza kueleza nilichokuwa natafuta mle bandani. Nilitaka kusamehewa bila kumwambia yeyote anayeweza kusema hapana.

Shemeji yangu alikuja kwenye arobaini, akanikuta nimeinama kwenye sikio la ndama.

"Mgosi, unaongea na nani?" akauliza, kwa lile neno tunaloitana wanaume wa kwetu.

Badala ya kunyamaza nikamweleza, nusunusu, maneno ya Fundi na siku aliyozaliwa ndama. Nilidhani atanionea huruma. Alimwangalia ndama mbele, akazunguka akamwangalia nyuma, kisha akapiga kofi kwenye nguzo ya banda.

"Kwa hiyo dada yangu karudi na korodani?"

Tangu siku hiyo kila alipokuja alipitia bandani kwanza. Alivua kofia mbele ya watu akasema, "Shikamoo, dada. Mume anakulisha vizuri siku hizi, eh?" Wageni walicheka. Shemeji ana haki ya utani, nami nikacheka pia, maana mtu asiyecheka utani huulizwa kwa nini. Binti yangu tu ndiye ambaye hakuwahi kucheka. Alipika, alifua, aliniwekea maji ya kuoga, aliniamkia kila asubuhi. Zaidi ya hapo hakuwa na neno nami, na mimi nilijiambia ni huzuni ya mama yake.

Mwaka ulipokaribia kutimia, ndugu walikutana kupanga hitima. Ilitakiwa nyama. Shemeji alisema hakuna haja ya kuhangaika huku na huku, dume lipo, limenona. Nikasema bado dogo.

"Dogo kwa nani?" akauliza, na macho yake hayakutoka usoni kwangu.

Siku mbili kabla ya hitima nilimfuata Fundi. Nilimweleza yote kuhusu ndama na mazishi, isipokuwa lile neno nililomwambia mke wangu. Nilimwomba aniambie kama kuchinja ni dhambi, yaani kama ndama yule ni yeye, mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ng'ombe hubeba mimba miezi mingapi. Nikasema tisa.

"Kwetu maisha mapya yanaanza tumboni," akasema. "Si siku ya kuzaliwa. Ndama huyo alishaanza wakati mke wako bado anapika, bado anatembea. Si yeye."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nilisimama pale na ndoo mkononi. Mtu wa kilimo, mfugaji, miezi tisa naijua kuliko yeye, na mwaka mzima sikuwahi kuihesabu. Nikamuuliza, basi yuko wapi. Akasema hajui. Huenda ni mtoto, huenda mbwa, huenda mdudu, na popote alipo hanijui mimi. Sijui kama niligeuka sura, lakini hakulainisha neno lolote. Aliniuliza kama nataka arudi kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nikamuuliza, kama mambo ndiyo hayo, mtu anaishi kwa ajili ya nini.

Alifunika viriba kwa nailoni, akaweka jiwe kwenye kona ili upepo usifunue.

"Mtu haendi popote," akasema. "Alichofanya ndicho kinakwenda. Alichosema ndicho kinakwenda. Rudi nyumbani, tazama chako kimeota wapi."

Akaniambia pia kwamba kwao nao hulisha watu mwaka unapotimia, kwa hiyo nikalishe watu.

Siku ya hitima dume lilikuja lenyewe. Lilikuwa limezoea kwamba nina chumvi, likanilamba kifundo cha mkono kabla hatujalifunga. Mwalimu wa madrasa alishika kisu. Mimi nilipewa miguu ya nyuma, na shemeji alishika kichwa. Lilipoanza kurusha miguu akaniambia, "Kaza, mgosi. Dada anapiga mateke." Vijana wawili walicheka, wakaona mwalimu hacheki, wakaacha. Nikakaza.

Hitima ilisomwa. Watu wakaketi kwa sinia. Nililetewa wali na nyama, nikala. Nyama ilikuwa laini, ya mnyama aliyelishwa vizuri. Nilirudia.

Watu walipoanza kuondoka nilikwenda uani, nikamkuta binti yangu anasugua sufuria kwa majivu. Nilikuwa na jambo la kumwambia lakini sikujua linaanzia wapi, kwa hiyo nikasema tu kwamba banda litakuwa kimya leo. Hakuinua kichwa.

"Mwaka mzima unamwomba radhi ndama," akasema. "Asubuhi ile ndama alikuwa hajazaliwa, baba. Aliyesikia ni mimi."

Akaendelea kusugua. Nikaondoka pale nikaenda barazani, ambako shemeji alikuwa amebaki na chai yake, peke yake kwenye mkeka. Nikakaa mbele yake. Nikamwambia kwamba sikumkataza dada yake asitoke. Nikamwambia lile neno, kama nilivyolisema, la goti na la ng'ombe.

Alikunywa funda moja, akaweka kikombe chini.

"Najua," akasema. "Mwanao aliniambia siku ya tatu, tunakunja mikeka."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema.

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Kila nikija namwamkia ndama wako, nakupa nafasi. Wewe unacheka."

Nikamwomba anisamehe. Nilimwomba kwa kushika mguu wake, mimi ninayemzidi umri. Alitoa mguu wake taratibu, kama mtu anayeutoa kwenye matope, akavaa kiatu.

"Mimi siye niliyepanda mlima na goti bovu, mgosi."

Alikunja ngozi ya dume, akaifunga kwa kamba, akaondoka nayo kwenda Magoma. Hajarudi tena.

Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha. Ng'ombe alikuwa na mimba nyingine na alikuwa analia kwa njaa, maana siku ya shughuli hakuna aliyemkumbuka. Nilikuwa nimekaa jikoni na kikombe. Binti yangu alijifunga khanga kichwani, akatoa mundu ukutani. Nikasimama nikamwambia anipe, nitakwenda mimi, au angoje mvua ikatike.

"Anayekula ni ng'ombe, baba," akasema. Hakupandisha sauti wala hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Akatoka. Nilimfuata. Alipanda mbele bila kugeuka, akakata gwatemala kuanzia ukingo wa juu, akafunga mzigo. Nilinyoosha mikono nitwishwe mimi. Aliuinua mwenyewe akauweka kichwani, akanipita. Kwenye yale mawe hakupunguza mwendo. Yeye amezaliwa huku. Mimi nilishuka nyuma yake mikono mitupu, nikishikashika vichaka.