Korppisuo Kuna Mbu Tu

Saimi Kemppainen alipokwenda kuchuma, alitoka nyumbani akielekea kaskazini, ingawa kinamasi chake kilikuwa kusini. Alipita mbele ya nyumba yangu na ndoo yake, akanisalimu, akaingia msituni, kisha akazunguka nyuma ya ziwa mpaka akatokea kule alikokusudia tangu mwanzo. Mzunguko huo ulimchukua saa nzima. Sikumcheka, maana hata mimi nilikuwa na mzunguko wangu.

Kijijini kwetu mtu atakuazima trekta, sauna, hata meno yake ya bandia ukimbembeleza sana, lakini hatakuambia anakochuma. Impi, mama yake Saimi, alimwonyesha bintiye mahali pake siku aliyojua kwamba hatatembea tena. Alichora njia kwa kidole juu ya shuka la kitandani, kisha akalinyoosha shuka. Mumewe Saimi, Veikko, aliyekuwa dereva wa gari la maziwa, hakuambiwa kitu. Kila kiangazi akiiona ndoo imejaa aliuliza, "Umepata wapi?" Saimi alijibu, "Kinamasini." Ndoa ilifika miaka thelathini na mmoja na jibu halikuwa limeongezwa neno.

Impi alifuata huko matunda ya manjano. Saimi alifuata kihokki. Ni mmea mdogo usiozidi urefu wa kidole, majani yake mekundu yana vinyweleo, na kila kinyweleo kina tone linalonata kama asali. Mbu akitua pale, kwisha habari yake. Jani linamkunjia taratibu na kumla. Udongo wa kinamasi hauna lishe, kwa hiyo mmea umejifunza kujitafutia nyama. Wazee walikichemsha kihokki kutibu kikohozi. Baadaye wakatokea wanunuzi kutoka ng'ambo waliokitaka kwa dawa hiyohiyo, nami nikawekwa kuwa mpokeaji, na mizani yangu ndani ya banda la gari.

Watu waliniletea matope, mizizi, mara moja hata chura. Mzigo wa Saimi ulikuwa safi, kila mche ukiwa na shina lake la ua.

"Mwenye ua ameshazaa," aliniambia. "Asiye na ua ni mtoto. Huyo unamwacha."

Sikumuuliza ametoa wapi. Mpokeaji anayeuliza hapokei tena.

Basi mwaka mmoja likaja shirika moja lililotaka kukausha Korppisuo, kinamasi cha kusini, na kuuchimba ule udongo wake mweusi, ambao ukikauka huwaka kama kuni, ili uchomwe kwenye mtambo wa umeme mjini. Bwana mmoja mwenye ramani alituita kwenye ukumbi wa kijiji, akatupa kahawa na maandazi, halafu akauliza kama kuna anayekitumia kinamasi hicho. Kuna anayechuma chochote?

Tulikuwa watu arobaini, na nadhani nusu yetu tulikuwa tunachuma Korppisuo, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Veikko ndiye aliyesema kwanza, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe.

"Korppisuo? Kuna mbu tu."

"Mbu tu," akadakia mwingine.

"Na wakubwa kweli," akasema Saimi, watu wakacheka.

Bwana akaandika kwamba kinamasi hakina matumizi. Nami nilikuwepo. Nilijua kilo zote zile za kihokki hazikuota kwenye banda langu, na nilinyamaza, kwa kuwa ukingoni mwa Korppisuo nilikuwa na matunda yangu ya manjano. Hadi leo naona aibu.

Julai Saimi alikuja kwangu ndoo tupu. Aliketi jikoni na gambuti zake zenye matope, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote.

"Wamesimamisha vijiti," alisema. "Vijiti vyenye utepe mwekundu. Kimoja wamekichomeka katikati ya kihokki changu."

"Pingamizi linapokelewa mpaka Ijumaa," nikamwambia. "Fomu ninazo. Unaandika jina, unaweka alama kwenye ramani, basi."

"Alama gani?"

"Ya mahali penyewe, Saimi. Watajuaje?"

Alichukua kalamu, akaiweka chini. Alikunywa kahawa ikaisha, nikammiminia nyingine. Nilijua anachopima. Akinyamaza, mitaro itachimbwa na mahali pa mama yake patakauka. Akisema, hapatakuwa tena pake.

"Mama alinionyesha wakati miguu imemkataa," alisema. "Mimi bado natembea."

"Vijiti navyo havisubiri."

"Usiniharakishe, jirani. Hata mtu wa kuzikwa husubiriwa aoshwe."

Mwishowe aliichora alama, ndogo kiasi kwamba ilibidi niikolezee wino. Halafu mimi nikaandika yangu chini ya ile yake. Aliitazama, akanitazama.

"Kumbe na wewe."

"Na mimi."

Wiki ya pili ofisi ya mazingira ilimtuma msichana mmoja, Riikka, mtaalamu wa mimea. Saimi alimwongoza, nami nikafuata. Tulipotoka barabarani Saimi akaelekea kaskazini. Riikka akaigeuza ramani yake mara mbili.

"Mama, si kusini?"

Saimi akasimama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwake kutambua kwamba hakuna tena haja ya kuzunguka. Akageuka kusini, tukafika kwa dakika ishirini.

Riikka alipiga magoti kwenye maji, akakaa hivyo kitambo kirefu.

"Unajua kuna aina tatu za kihokki hapa?"

"Najua. Wa mviringo, mrefu, na yule mdogo asiyependa kukanyagwa. Umemkanyaga."

Riikka akausogeza mguu. Kisha akasema lile ambalo kumbe lilikuwa linamkera njia nzima. "Mama, lazima nikwambie kabla sijaandika. Kinamasi kikilindwa, matunda mtachuma. Kihokki hutachuma tena. Wewe wala mtu mwingine."

Saimi aliinama, akaking'oa kile kijiti chenye utepe, akampa mkononi.

"Andika," alisema.

Korppisuo kililindwa. Kabla amri haijaanza kutumika, Saimi aliniletea mzigo wake wa mwisho. Nikaupima, naye hakuondoka.

"Jana nilimpeleka Veikko," alisema. "Nilimwambia, twende nikakuonyeshe, kabla hapajawa pa serikali. Nikampitisha njia ile ndefu, nikitaka nimfikishe kama mama alivyonichorea. Tunafika, nageuka niseme ni hapa, namkuta ameshakaa juu ya gogo. Pale pamejificha, jirani. Hulioni gogo lile mpaka ulijue."

"Alijua?"

"Miaka kumi na tisa. Siku moja nilichelewa kurudi, akaja kunitafuta. Aliniona nimeinama, niko salama, akarudi zake nyumbani kabla sijainua kichwa."

Siri ya mtungi aijuaye kata, husema watu. Nikamuuliza Saimi, Veikko alikuwa na sababu gani, basi, ya kuendelea kuuliza kila mwaka umepata wapi.

"Nilimuuliza hilohilo," alisema Saimi. "Akasema, 'Ulikuwa unafurahi kunijibu.'"

Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, mkono ukiwa bado unanata utomvu wa kihokki.

"Na pale ukumbini?"

"Alikuwa ananitunzia siri. Kidogo tu apazike mahali pangu kwa kunitunzia."

Alichukua ndoo yake tupu, akatoka. Veikko alikuwa akimsubiri barabarani ndani ya gari, injini ikiwa inanguruma.