Bamvua Hainyeshi

Habari hii nimeiandika mara mbili nikaichana, kwa sababu kila nikiisoma naona nimewadhulumu wenzangu. Hii ni mara ya tatu. Nitajitahidi kutenda haki, ingawa mtu mwenye hasira na elimu ya darasa la saba sijui haki ataipimia mizani gani.

Tulikuwa familia nne za hapa Stockholm tuliopanga kwenda nyumbani pamoja kiangazi. Ndani ya safari hiyo tukaweka nyingine ndogo, ya siku mbili: kuingia kwa boti kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, tuone viboko, mamba, kima na ndege. Wazo lilikuwa la mwenyekiti wetu. Hilo nampa, asije mtu akasema nilimnyima.

Ila kwangu mimi safari ile haikuwa viboko. Ilikuwa binti yangu. Amezaliwa hapa, anasoma biolojia chuoni, na mara ya mwisho kumwona bibi yake, mama yangu anayekaa Mbagala, alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Kila mwaka nikimwambia twende, ananijibu kwa Kiswidi kwamba hataki tena kupitishwa nyumba kwa nyumba kama sinia la pilau, anakalishwa kwenye makochi, watu wanamuuliza kwa nini hajui Kiswahili. Mwaka huu aliposikia mikoko aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Kama kuna boti, mamma, nakuja. Na kwa bibi nitakaa wiki nzima. Kama hakuna boti nabaki, nafanya kazi ghalani Jordbro." Mama yangu siku hizi anatembea kwa kushika ukuta. Sikuwa naomba kingine chochote, boti tu.

Basi boti ikaundiwa kamati.

Sijui watu wa mataifa mengine wakihamia Sweden hujifunza nini kwanza. Sisi tulijifunza vikao. Mtu aliyekaa kwao maisha yote akiamua mambo kwa kupiga kelele dirishani, akishakaa hapa kidogo hawezi kununua fungu la nyanya bila ajenda. Safari ya siku mbili ilikuwa na mwenyekiti, katibu, na mtu wa tatu ambaye kazi yake ni kusaini kwamba kilichoandikwa ndicho kilichosemwa. Mwenyekiti ana nyundo yake ndogo ya mbao, ile Waswidi wanaiita klubba. Aliigonga kwenye meza ya kulia chakula pale kwake Hallunda, chai ikaruka vikombeni, ndipo tukaruhusiwa kugusa mandazi.

Mandazi ya mke wake, lakini, hayana mfano. Naliandika hilo pia.

Ajenda ya kwanza ilikuwa ujumbe wa sauti kutoka ofisi ya boti huko Rufiji. Katibu, dada mmoja Mkenya wa Nakuru, aliweka simu katikati ya meza akaongeza sauti. Mwanamke wa ofisini alisalimia vizuri, akashukuru, kisha akasema: "Sasa, hizo siku mlizochagua ni maji mafu, kwa hiyo huko kwenye vijito ndani ya mikoko hatutafika. Ningewashauri msogeze mbele, mje na bamvua."

Mtu akameza andazi, tukamsikia wote.

"Ati maji imekufa?" katibu akauliza.

"Mafu ni mafu," akasema mwenyekiti. "Yamekufa."

Mume wa katibu, shemeji yetu Mkongo wa Uvira, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Eau morte, kabisa. Kwetu, ziwa ikikufa hivi, samaki inapanda juu, tumbo wazi. Na harufu yake, ee Mungu wangu."

"Na hiyo bamvua ni nini?" nikauliza. Ninaandika hili siyo kujisifu. Niliuliza kwa sababu sikujua, na nikaona haya kwamba sijui.

Mwenyekiti alinitazama kwa ile huruma anayowatazamia wasiosoma. "Dada yangu, sikiliza neno lenyewe. Bam-mvua. Mvua inayobamiza. Mvua kubwa! Anatuambia tusubiri mvua kubwa zije zisafishe hayo maji."

"Si tumpigie tu tumuulize?"

"Tumpigie tumuulize maana ya neno la Kiswahili? Sisi?" Akaweka mkono kifuani. "Mimi ndiye niliyeanzisha darasa la Kiswahili la watoto la Jumamosi. Leo nimpigie msichana wa Rufiji nimwambie nifundishe? Tutachekwa mpaka Kibiti. Isitoshe, mimi nimezaliwa Bukoba, kandokando ya ziwa. Maji nayajua."

Mtu aliyekulia ziwani anaweza kuyajua maji ya ziwa, sibishi. Ziwa ni maji yaliyokaa mahali pake. Na hapa Stockholm ni vilevile: bahari ya hapa utaikuta asubuhi imeshika ubao uleule wa gati ulioiacha nao jana. Haiendi, hairudi. Ukikaa karibu na maji ya namna hiyo unasahau kwamba kuna bahari inayotoka nyumbani na kurudi. Na wengine wetu hatukuwahi kulijua hilo tangu mwanzo. Kwetu ni Singida. Tulihamia Mbagala nikiwa mkubwa, bahari tukaijua kwa samaki wa kukaanga. Kwa hiyo simcheki mwenyekiti kwa kutojua. Namcheka kwa kile kifua alichokishika.

Shemeji akasema tusikimbilie, labda maji yanaweza kufa na wanyama wakabaki hai. Hapo mwenyekiti akakumbuka kwamba nina binti msomi. "Mpigie mtaalamu."

Nikampigia. Alikuwa kwenye treni, anasikika kwa shida. Mwenyekiti akamuuliza kwa Kiswidi, kwa sauti ya mahakamani: je, kisayansi, maji ya bahari yanaweza kufa?

"Ndiyo, sana tu," mtoto wangu akajibu. "Bahari yetu ya hapa imejaa döda bottnar, sakafu zilizokufa. Oksijeni inakwisha huko chini, hakuna kinachoishi. Kwa nini?"

"Asante," akasema mwenyekiti, akakata simu. Simu yangu.

Hivyo ndivyo binti yangu alivyoizamisha boti yake mwenyewe bila kujua aliulizwa nini. Hoja ikapigiwa kura: safari ya mikoko ifutwe, badala yake tulale hoteli moja ya Dar es Salaam yenye bwawa la kuogelea na kobe wawili. Mikono ikapanda. Wangu haukupanda, lakini haukupinga pia. Ulikuwa umeshika sahani. Nyundo, ko! Katibu akaandika, wa tatu akasaini.

Nyumbani Farsta nilimweleza binti yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua viatu, akasema hana ugomvi na mtu. "Kobe nimeshaona, mamma. Wako kwenye bustani ya wanyama." Akawaandikia watu wa ghala Jordbro kwamba anakubali kazi. Hakununa hata kidogo. Angenuna ningekuwa na la kumjibu.

Siku ya mapumziko yangu, baada ya zamu mbili mfululizo kwenye nyumba ya wazee, nikapiga simu ile ofisi ya boti. Sitaki ionekane nilikuwa nimegundua kitu. Sikugundua lolote. Nilikuwa nimeshaamini habari ya mwenyekiti neno kwa neno. Nilichotaka ni kujua hizo mvua zitaanza lini, pengine binti yangu angekubali kuja baada yake.

"Shikamoo au habari yako, sijui nikuamkieje," nikamwambia, maana sauti ilikuwa ya kijana. "Naulizia ile bamvua. Itanyesha lini?"

"Itanyesha?"

"Hiyo bamvua. Mvua kubwa."

Upande wa pili nikasikia mtu ameweka simu chini, na kwa mbali kicheko kinachozuiwa na kiganja. Akarudi. "Samahani, dada. Bamvua hainyeshi. Bamvua ni maji. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, bahari inajaa sana na kupwa sana, ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji yanakuwa mavivu, hayajai sana wala hayapwi sana. Hayo ndiyo maji mafu."

"Kwa hiyo hayajafa?"

"Hayajafa, dada. Yanapumzika tu. Nyie mko wapi huko?"

Nikamwambia Sweden. Akasema "aa," kama vile nimemweleza ugonjwa.

Akanieleza kwamba siku tulizochagua boti ingebaki kwenye mto mkubwa, na kwamba tungesogeza wiki moja tu tungeingia ndani kabisa, matawi yanagusa mabega. Wiki moja! Tulikuwa tumeua bahari nzima kwa sababu ya wiki moja.

Jioni nilimpigia mwenyekiti, nikamweleza kwa upole, nikijilaumu mimi nilipoweza ili asione aibu. Nilidhani atacheka.

"Kumbukumbu zimeshasainiwa," akasema.

"Lakini ni neno tu tulilikosea."

"Tukifungua hoja iliyofungwa, kesho kila mtu atafungua yake. Hapo hakuna kamati, kuna soko. Na maneno haya yana maana nyingi, dada. Huyo ni msichana wa ofisini, siyo kamusi."

Nikampigia katibu. Huyo alicheka kweli, mpaka akakohoa. "Woi! Bam-mvua! Na mimi niliandika, mamaa, niliandika kwa peni!" Halafu akashusha sauti. "Lakini tafadhali usiiweke kwa group. Bwanangu ameshasimulia watu wa kanisa vile samaki walikufa." Akaongeza kwamba watoto wake wameshafurahia bwawa, naye hana nguvu ya kuwabadilisha. Hilo ni kweli, wana watoto wanne. Simlaumu sana. Namlaumu kiasi.

Nikafanya jambo ambalo katika jumuiya yetu ni karibu na kuasi dini: nikaiambia kamati kwamba sitakwenda nao hotelini, nitaikodi boti mwenyewe wakati wa bamvua. Mwenyekiti alijibu kwa maandishi kwamba "mjumbe mmoja amejitenga". Labda ni kweli. Labda mtu mwenye adabu zaidi yangu angekwenda kutazama kobe, akatabasamu kwenye picha. Watu hawa walinizikia mume wangu. Walijaza ukumbi, walipika siku zote. Nayajua hayo, na bado nikikumbuka ile "kumbukumbu zimeshasainiwa" natamani kuilowesha klubba kwenye uji.

Binti yangu nilimweleza akiwa anaosha vyombo. Alipofika kwenye "itanyesha lini" aliacha sifongo, akakaa sakafuni kwa kucheka. Halafu akauliza kama lile walilomuuliza kwenye treni lilikuwa ndilo hilo. Nikasema ndilo. Akasema watu wa ghala atawaambia ataanza wiki mbili baadaye, wakikataa shauri yao. Nikadhani tumemaliza, nikachukua kitambaa nifute sahani.

"Bibi naye aje botini," akasema.

"Bibi yako? Anashika ukuta."

"Boti ina ukingo, ataushika. Nyumbani tutakaa tunatazamana, sina maneno, yeye hana Kiswidi. Ndani ya boti wote tutatazama ndege."

Sikuwahi kufikiri kwamba makochi yale alikuwa anayaogopa kwa sababu hiyo. Nilidhani ni kiburi cha Kizungu.

Tukampigia mama, sauti nje. Alisikiliza, akaguna. "Mimi? Botini? Na hao viboko? Muulize huyo mjukuu wangu, kiboko akitufukuza nani atambeba mwenzake?"

Nikageuka nitafsiri. Binti yangu alikuwa ameshaelewa. Akainamia simu, akasema kwa Kiswahili chake: "Mimi nabeba wewe, bibi."

Kutoka Mbagala akasikika jogoo wa jirani.

"Anasema atakubeba," nikamwambia mama.

"Nimesikia, sina uziwi. Hebu wewe nyamaza, mwache aseme tena."

Akasema tena, vibaya zaidi.