Mdomo Wangu kwa Ofisi ya Uhamiaji

Jonas wetu karibu arudishwe Ujerumani leo, na sababu ni mdomo wangu!

Hamjambo marafiki.

Jonas ndiye anaoa Shiru wangu, yule msichana wangu injinia. Kibali chake cha kukaa Kenya kinaisha Ijumaa, kwa hivyo leo nilimsindikiza ofisi ya uhamiaji akiongeze.

Ofisa akamuuliza, "Unaishi wapi?"

Kabla hajafungua mdomo, nikajibu mimi. "Kwa ploti yangu ya kupangisha, Ruiru! Vyumba viwili, maji ndani, mwezi wa tatu sasa!"

Ofisa akaweka kalamu chini.

"Mama, hapa ameandika Thika. Mgeni akihama lazima aripoti."

Woi! Jonas akawa mweupe kuliko vile alivyo. Akaninong'oneza, "Mami, tafadhali nyamaza."

Kiswahili nimemfundisha mimi, lakini hiyo sikumfundisha.

Tumejaza fomu ya kuhama, nikaweka sahihi kama mwenye ploti. Pasipoti imebaki huko. Jibu ni Ijumaa.

Mniombee jamani.

Lakini ruracio ya Shiru, ile sherehe ya mahari, siahirishi. Jumamosi saa nne asubuhi, kwangu Ruiru, mkuje wote.