Usibishane na Bei

Nakumbuka asubuhi moja nilipokuwa nikizunguka Bunia na kichupa cha dhahabu mfukoni, mwanangu, nikitafuta mtu wa kunidanganya. Usicheke. Wewe unafanya hivyo hivyo, ila unatumia simu.

Nilikuwa nimeoa juzijuzi. Mke wangu alikuwa fundi wa nguo, akauza cherehani yake ili nipate mtaji, nami nikamwahidi kuirudisha kabla ya Noeli. Nikaenda Bambu, nikanunua dhahabu kwa wachimbaji bei ikiwa juu kabisa. Niliporudi Bunia ilikuwa imeanza kushuka. Sikuuza. Niliingia duka hili na lile nikitafuta mnunuzi mmoja tu wa kunitajia bei niliyonunulia mimi.

Aliyechoka kuniona ni Mama Kahindo, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Butembo. Nyuma ya mlango wa duka lake aliandika kwa chaki bei ya kila siku. Ikipanda siku tatu mfululizo, alinunua na kutulia. Ikishuka siku mbili, aliuza yote, hata kwa hasara, halafu akaenda kula.

"Weye tena," alisema. "Unakuya kuuza ao kunisalimia?"

"Nangojea ipande, Mama. Nilinunua bei kali."

"Na bei inajua kama weye ulinunua kali? Angalia chaki. Iko inashuka siku ine sasa. Dhahabu haina bibi wa kulisha. Weye njo uko na bibi."

Nilikasirika, nikarudi nyumbani na kichupa changu. Nilipokuja kuuza, pesa haikutosha hata nusu ya cherehani. Mke wangu hakunigombeza. Alishona kwa mkono, ameinama dirishani, mpaka mtoto wetu wa kwanza akaanza kutembea. Angenigombeza, labda ningekuwa nimesahau.

Nimekueleza haya mara ngapi? Haya, narudia polepole. Mama Kahindo hakuwa mtabiri. Mara nyingi aliuza leo, kesho bei ikapanda, naye akapoteza kidogo. Hakuona aibu kununua tena. Lakini ilipopanda mwezi mzima, alikuwa ndani ya soko mwezi mzima, na ilipoanguka alikuwa ameshatoka. Kazi yote ndiyo hiyo. Fuata bei inakokwenda, wala usiilazimishe. Kabla hujanunua, amua utatoka lini, na siku hiyo ikifika, utoke. Bei uliyonunulia ni habari yako peke yako. Soko halina habari nayo.

Sasa umekaa huko mtaani Bigo na magunia ya kakao, bei imeshuka wiki hadi wiki, na unaniuliza mimi kama itarudi. Sijui. Hakuna anayejua. Ninachojua ni kwamba inashuka, na karo ya watoto wako imo ndani ya magunia hayo.

Uza, mwanangu. Mungu akupe wepesi wa kutoka, akulindie mtaji utakaobaki, na nyumbani mwako wakupokee kwa amani siku utakaporudi na hasara ndogo.