Kovu Lililofutwa Pamoja na Nyota

Saa tatu asubuhi, katika studio ndogo ambayo dirisha lake limezibwa kwa kadibodi, Fundi Nyota anatengeneza usiku.

Anaanza na weusi mtupu kwenye kioo cha kompyuta. Anabofya, chembe nyeupe zinatapakaa kama unga uliomwagika. Anazipunguza, anazififisha, kisha anapachika nyota kubwa moja moja. Mwisho anamweka mtu mbele ya anga hiyo. Wengi ni marehemu.

"Ndugu wanapenda nyota," anasema mama huyu wa miaka hamsini na mbili. "Wanaona mtu wao kafika pazuri. Mimi zimenitoka moyoni."

Ana sababu. Miezi miwili iliyopita, jirani yake mshona nguo alimletea picha pekee iliyobaki ya marehemu binti yake. Kompyuta ya Fundi ni kuukuu na imejaa pomoni, kwa hiyo hufanyia kazi humo humo kwenye kadi ya kumbukumbu ya mteja. Nyota kadhaa ziliangukia uso wa binti. Akazifuta zote, akahifadhi juu ya picha ile ile.

Moja haikuwa nyota. Lilikuwa kovu dogo jeupe, juu ya nyusi.

"Aliitazama picha, kisha akaniuliza, 'Dada, kovu la mwanangu liko wapi?'"

Picha ya awali ilikwishapotea. Kuchora kovu upya ni kazi ya dakika moja, ila lazima mtu aseme lilikuwa juu ya nyusi ipi. Fundi hajui. Alifuta nyingi, na mkono ulikuwa ukienda wenyewe.

Mshonaji naye ameacha cherehani na kuingia studio, kama afanyavyo karibu kila asubuhi.

"Alianguka kizingitini akijifunza kutembea," anasema. "Nilimfunga kidonda kwa mikono hii. Leo sikumbuki ni upande gani! Mama gani mimi?"

"Kosa ni langu, mwenzangu."

"Ni lako, ndiyo. Usidhani nimekusamehe."

Fundi anainamisha kichwa. Walikwenda pamoja hadi shule aliyosoma binti, wakapata picha ya darasa zima. Uso wake humo ni mdogo kuliko punje ya mahindi. Sasa wanawatafuta aliosoma nao, mmoja mmoja.

"Siku tukijua, nitaziondoa nyota zote," Fundi anasema. "Nibakize kovu hilo moja tu."

Mshonaji anasogea, anagusa kioo kwa kidole.

"Kushoto," anasema.

Kisha anakiondoa kidole, anatikisa kichwa.